Kazi ya Nyumbani Sasa Iko kwenye Mfumo

Kosa kubwa wanalolifanya watu wengi, nami nitalieleza taratibu kwa sababu naona kuna wazazi hapa waliokuja bila kalamu, ni kudhani kwamba kazi ya nyumbani hufanywa na mtoto, nyumbani. Sivyo, ndugu zangu. Kazi ya nyumbani hufanywa na mfumo. Mtoto ni mdau tu. Lakini kabla sijaingia kwa kina katika hoja hiyo, itifaki kwanza.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Hafla hii. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo inayoisimamia Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni shemeji yangu. Mwalimu Mkuu wa shule hii na wasaidizi wako wote uliowapanga kwa urefu. Mwalimu wa Lugha wa darasa la saba, ambaye naona unatazama saa ya ukutani badala ya kunitazama mimi. Mtunza Stoo wa ofisi yangu, uliyekuja na kitabu chako cha kuandikia maagizo. Mlinzi wa geti, uliyefanya kazi ya kupigiwa mfano ya kuwazuia watu wasitoke. Wazee, wazazi, walezi, na wote mliokaa upande wa jua kwa sababu upande wa kivuli ni wa wageni waalikwa ambao hawajafika. Wanafunzi wa darasa la saba A, B, C na D. Mabibi na mabwana. Kama kuna niliyemsahau, naomba ajihesabu kuwa ametajwa. (Makofi machache, upande wa jua.)

Mimi, kwa wale wageni wa mambo, ni Mratibu Mkuu wa Kazi za Nyumbani katika eneo letu lote, na ndiye mgeni rasmi wa leo. Nimesikia kwamba wanafunzi wananiita Bwana Mchakato. Niliposikia niliguswa, nikaagiza jina hilo liandikwe kwenye mlango wa ofisi yangu, chini ya cheo. (Vicheko kutoka darasa la saba B.) Chekeni, wanangu, kicheko nacho ni mrejesho.

Nimetumikia umma miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo nimejijengea kanuni mbili ambazo napenda vijana wazichukue. Kanuni ya kwanza ni kwamba sisomi hotuba yangu kabla ya siku ya kuisoma. Kiongozi anayechungulia hotuba yake nyumbani ni kiongozi asiyewaamini wasaidizi wake. Mimi huisikia kwa mara ya kwanza pamoja na wananchi, na mara nyingi hunishangaza kwa uzuri wake. Kanuni ya pili ni kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi yangu hukisoma mpaka nukta ya mwisho. Sijawahi kukatisha sentensi. Mvua imewahi kunikuta katikati ya aya, watu wakakimbia, mimi nikamaliza aya. Na nikishasoma jambo hadharani, jambo hilo ni agizo, halihitaji muhuri. Mtunza Stoo ni shahidi. Yeye huliandika palepale. (Mtunza Stoo anainua kalamu juu.)

Hotuba ya leo, kwa kuwa mwandishi wangu wa hotuba yuko likizo, tulimkabidhi Mwalimu wa Lugha aiandae. Tulimpa karatasi kumi na moja zenye nembo, naye amezirudisha kumi na moja, zikiwa zimejaa. Huo ndio uwajibikaji.

Sasa niwapeleke nyuma kidogo ili mwelewe tulikotoka, maana mtu asipoelezwa tulikotoka hawezi kushangilia tulipo. Miezi sita iliyopita nilifanya ziara ya kushtukiza katika darasa la saba B wakati wa kipindi cha lugha. Nilishtuka mimi. Watoto hawakuwa wamekaa kwa mistari. Walikuwa wawili wawili, kila mmoja ameshika daftari la mwenzake, anasoma insha ya mwenzake kwa sauti ya chini na kuweka alama ya penseli pale alipokwama. Ukutani kulikuwa na maneno yaliyokatwa kwenye magazeti ya zamani, na chini ya kila neno mtoto ameandika ni wapi alilisikia likisemwa na nani. Binti mmoja alisimama mbele akasoma mahojiano aliyomfanyia bibi yake kuhusu siku bibi huyo alipojifunza kuandika jina lake akiwa tayari ana wajukuu. Mwalimu naye, yule pale, akaandika kwenye daftari la binti kwa kalamu nyekundu: umetuonyesha mikono ya bibi, sasa tuonyeshe uso wake. Basi, kazi ya nyumbani ndiyo hiyo. Arudi nyumbani akamtazame bibi yake usoni.

Nikamuuliza Mwalimu: kiashiria kiko wapi? Akanionyesha watoto. (Kicheko kirefu. Mwalimu wa Lugha anainamisha kichwa.)

Mnacheka, lakini mimi sikulala. Nilijiuliza maswali magumu. Ikiwa mtoto anamtazama bibi yake usoni, tunaupimaje uso huo kwa robo mwaka? Ikiwa insha iko kwenye daftari, na daftari liko kwenye mkoba, na mkoba uko mgongoni, kanzidata iko wapi? Tukaunda kikosi kazi. Kikosi kazi kikafanya warsha, warsha ikazaa rasimu, rasimu ikapelekwa kwa wadau, wadau wakawa kwenye warsha nyingine, na hatimaye tukapata kile tunachokizindua leo, Mfumo Jumuishi wa Kazi ya Nyumbani Usiohitaji Nyumba Wala Daftari, kwa kifupi MJUKANYU. (Makofi. Mtu mmoja anauliza jirani yake kama ni jina la ugonjwa.)

Hatua ya kwanza ya MJUKANYU, ambayo imekamilika kwa asilimia mia moja na nne, ilikuwa kuyakusanya madaftari yote ya lugha ya darasa la saba, mia mbili na kumi na mawili, ili yaingizwe kwenye mfumo kwa njia ya skana. Yalikusanywa kwa siku moja. Mkisikia watu wanasema serikali inachelewa, waambieni kuhusu siku hiyo. Watoto wengine walikuwa katikati ya sentensi.

Nafahamu, kwa sababu mimi ni kiongozi msikivu, kwamba kuna manung'uniko. Nafahamu kwamba Ofisi ya Mitihani inataka kila mtoto wa darasa la saba awasilishe insha zake tano za mwaka, kwa mwandiko wake mwenyewe, zenye masahihisho ya mwalimu. Nafahamu kwamba insha hizo zimo ndani ya madaftari hayo hayo. Nafahamu kwamba dirisha la kuzipokea linafungwa leo saa kumi jioni, na kwamba mtoto ambaye insha zake hazitafika atarudia darasa, hata kama ni watoto mia mbili na kumi na wawili. Hayo yote nayafahamu kikamilifu, na mtu akifahamu jambo kikamilifu, hofu ya nini tena?

Mwalimu wa Lugha aliniandikia barua nne. Ya kwanza ilikuwa ya heshima. Ya pili ilikuwa ya heshima fupi. Ya tatu ilikuwa na orodha ya majina ya watoto wote. Ya nne ilikuwa na mstari mmoja tu, ukisema: Mzee, naomba madaftari ya watoto. Nilizijibu zote kwa Waraka Namba Saba, unaosema kwamba hakuna daftari litakalotoka mikononi mwa ofisi ila kwa agizo litakalosomwa hadharani na Mratibu Mkuu mwenyewe, siku ya uzinduzi. Mwalimu akaja ofisini akaniuliza, kwa sauti ya upole sana, kama ni kweli agizo nikilisoma tu basi imetosha. Nikamwambia imetosha. Akashukuru, akaondoka. Siku hiyohiyo, kwa maelezo ya mhudumu wangu, alirudi kuomba apewe kazi ya kuandaa hotuba. Huo ndio moyo wa kujitolea.

Sasa niwape takwimu, kwa sababu jambo lisilo na takwimu ni porojo. Tangu madaftari yakusanywe, makosa ya tahajia katika madaftari ya darasa la saba yamepungua kwa asilimia mia. Hakuna hata koma moja iliyowekwa mahali pasipo pake. Uchelewaji wa kuwasilisha kazi ya nyumbani umefika sifuri, kwa sababu hakuna kazi ya nyumbani. Matumizi ya wino mwekundu yameporomoka. Na katika utafiti tuliowauliza watoto kumi kama wanaikumbuka insha yao ya mwisho, tisa walisema wanaikumbuka neno kwa neno, jambo linalothibitisha kwamba kumbukumbu ya mtoto huimarika pale anapoondolewa daftari. Wa kumi alilia, kwa hiyo hakuhesabiwa.

(Jukwaa linabonyea kidogo upande wa kushoto. Mgeni rasmi anasogea kulia.)

Msiwe na wasiwasi kuhusu jukwaa. Hili nalo ni sehemu ya mafanikio. Tulipokosa mbao, seremala wa ofisi hakukaa kulalamika. Alichukua maboksi yaliyokuwa yamejaa stoo bila kazi, mazito, imara, akayapanga, akaweka ubao mwembamba juu, na jana wanafunzi wa darasa la saba B wenyewe wakapewa heshima ya kutandika zulia. Naambiwa walikaa chini pale kwa muda mrefu wakilitandika. Walikuwa watulivu mno, kisha wakamwita mwalimu wao naye akaja akaangalia. Hivyo ndivyo tunavyotaka watoto wetu, wenye kuangalia mambo kwa makini.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. (Anainua kitu cheusi, bapa, chenye ukubwa wa sinia dogo.) Hiki ni kishikwambi. Kila mtoto atakuwa na chake. Badala ya kuandika insha kwa shida, mtoto atabonyeza hapa, na hapa, na insha itakuwa imekwisha kuwa katika fomati. Badala ya kumhoji bibi, atachagua bibi kwenye orodha.

Baba yangu pale nyuma, wewe fundi baiskeli, naona umenyoosha mkono. Uliza. (Fundi anauliza kama kinawaka.) Swali zuri. Kuwaka ni awamu ya tatu. (Fundi anasema yeye kwa macho yake anaona msumari pembeni.) Huo si msumari, mzee wangu, hiyo ni sehemu ya kuunganishia. (Fundi anasema basi amewahi kuona meza yenye sehemu nne za kuunganishia. Vicheko.) Napenda wananchi wachangamfu. Kwa taarifa yako, hiki ni kielelezo, kilichochongwa na seremala yuleyule, ili wadau wazoee uzito. Vyenyewe viko njiani. Viko njiani tangu mwezi wa pili, na kitu kikikaa njiani muda mrefu kiasi hicho maana yake ni kikubwa.

Namwona mama amesimama. Mama, kaa kwanza, maswali yana muda wake. (Mama hakai.) Haya, mama yangu, sema, lakini kwa kifupi, kwa sababu nina sentensi ndefu inanisubiri.

(Mama, ambaye ni mshonaji wa nguo karibu na shule, anasema: "Mzee, mimi sina hoja. Daftari la mwanangu nililivalisha kitambaa mwenyewe, cha kijani chenye madoadoa meupe. Nauliza tu liko wapi, maana ni saa saba na nusu sasa.")

Ahsante, mama. Nakuelewa kama mzazi. Daftari la mwanao halijapotea, limehama. Limetoka katika hali ya kushikika likaingia katika hali ya kufikika. Hivi tunavyozungumza linaelea ndani ya kanzidata pamoja na wenzake, halina vumbi, halina mkunjo, na siku ukilihitaji utaingiza namba ya siri, ambayo utaipata ukiwasilisha nakala ya ukurasa wa kwanza wa daftari. (Mama anauliza atapata wapi nakala ya ukurasa wa kwanza kama daftari hana.) Ndiyo maana tunaiita namba ya siri.

(Jukwaa linabonyea tena, kwa sauti. Pembe ya boksi inachanika chini ya zulia. Kitu kinateleza na kuanguka kwenye vumbi, mbele ya viti vya wazazi. Ni daftari. Limevalishwa kitambaa cha kijani chenye madoadoa meupe.)

Tulieni. Tulieni, ndugu zangu. Hilo ni daftari linalofanana. Vitambaa vya kijani viko vingi mjini, na madoadoa hayana hakimiliki. (Mama anafungua ukurasa wa kwanza, anasoma jina la binti yake kwa sauti, taratibu, herufi kwa herufi.) Majina nayo hufanana. Mlinzi, msogeze mama. (Mlinzi anasema naye ana mtoto darasa la saba C, wala hasogei.)

Nadhani ni wakati mwafaka wa kaulimbiu, maana naona hamasa imepanda. Nikisema daftari, ninyi mnaitikia, limepitwa na wakati. Daftari! (Wazazi: "Liko chini yako!") Tujaribu upya, upande wa kulia hamkunisikia. Daftari! (Shule nzima: "Liko chini yako!") Si vibaya kwa mara ya kwanza. Tutaifanyia warsha.

Sasa naelekea mwisho. Ukurasa wa kumi na moja. Naona huu haukuchapwa, umeandikwa kwa mkono, na mwandiko unabadilika kila mstari, lakini nembo iko juu, kwa hiyo ni halali. Pale juu kabisa Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: kazi ya nyumbani ya darasa la saba B, andikeni mwisho wa hotuba ya mgeni rasmi, na kila sentensi iwe ya kweli. (Anaguna.) Jambo jema. Vijana wameshirikishwa. Nasoma.

"Ndugu wazazi, nawashukuru sana kwa kuupigia makofi mfumo ambao haujawahi kuwepo." Ni utani wa vijana. Naendelea, kwa sababu sijawahi kukatisha. "Hakuna kishikwambi hata kimoja kilicho njiani, kwa sababu hakuna kilichoagizwa. Hakuna kanzidata. Skana haikufika, na chumba kilichoandikwa Chumba cha Skana kina ndoo mbili na fagio, tulikichungulia dirishani." (Mgeni rasmi anamtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu anatazama viatu vyake.) Mwandiko huu wa hapa ni mdogo, mnisamehe. "Madaftari yetu hayakuingizwa popote. Yalikaa stoo miezi mitatu, na jana tulipotandika zulia tuliyaona kwenye maboksi, na kila mmoja wetu alilitambua lake kwa mgongo wake, na hakuna aliyeligusa, kwa sababu Waraka Namba Saba unakataza."

(Anageuza karatasi kuona kama kuna ukurasa mwingine. Hakuna. Mwalimu wa Lugha amesimama, mikono ameifumbata kifuani. Fundi baiskeli anasema kwa sauti ya kawaida: "Malizia, Mheshimiwa. Mvua haijanyesha.")

Mimi simalizishwi na mtu. Namaliza mwenyewe, kwa kuwa ni kanuni yangu, na kanuni yangu ina miaka thelathini na mmoja. "Mimi Mratibu Mkuu nawashukuru watoto hawa. Walipokosa daftari waliandika insha nyuma ya kalenda, kwenye mifuko ya saruji, na binti mmoja aliandika uso wa bibi yake kwenye karatasi ya kukatia nguo aliyopewa na mama yake. Karatasi hizo hazina masahihisho ya mwaka, kwa hiyo Ofisi ya Mitihani imezikataa. Kilichobaki ni kile nilichokisimamia kwa miguu yangu miwili tangu asubuhi."

(Mama mshonaji analipangusa vumbi daftari kwa upindo wa kanga, kisha analikumbatia. Mtunza Stoo ameshafungua ukurasa mpya wa kitabu chake. Kalamu iko tayari.)

Imebaki mistari mitatu. Mtunza Stoo, si lazima uandike kila kitu. (Mtunza Stoo anasema: "Mzee, ulinifundisha mwenyewe, kikisomwa ni agizo.") Nilikufundisha vizuri mno. Haya. "Kwa hiyo, hadharani, mbele ya wazazi, kwa karatasi yenye nembo, naagiza kama ifuatavyo. Mimi nashuka jukwaani sasa hivi, kwa upande wa kulia, taratibu, nisiharibu maboksi."

(Anashuka. Ubao unapanda juu kidogo alipoondoka. Anabaki amesimama kwenye vumbi, karatasi mkononi, maikrofoni bado inafanya kazi. Saa ya ukutani inaonyesha saa nane kasorobo. Anasoma mstari wa mwisho, ulioandikwa kwa herufi kubwa za duara, mpaka nukta.)

"Wanafunzi wa darasa la saba, njooni mmoja mmoja, kila mtu achukue daftari lake, alipeleke Ofisi ya Mitihani leo kabla ya saa kumi."